Nasaba ya Kirusi na Lugha ya Chanjo: Polio ya Lilongwe na Wasemaji wa Kiswahili wa Dzaleka, 2021–2024

Ikisiri

Tarehe 17 Februari 2022 Malawi ilitangaza mlipuko wa polio baada ya kirusi mwitu cha aina ya 1 kupatikana kwa mtoto mmoja wa Lilongwe. Uchunguzi wa jeni ulikihusisha kirusi hicho na nasaba iliyokuwa ikizunguka katika jimbo la Sindh, nchini Pakistani. Mwaka mmoja baadaye, kirusi cha aina ya 2 kilichotokana na chanjo kilitangazwa Burundi na mashariki ya Kongo, maeneo wanakotoka wakazi wengi wa makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Makala hii inasimulia historia ya nasaba hizo mbili na kuchunguza maneno ya Kiswahili yanayotumika kuzieleza. Inatoa hoja kwamba neno aina limebebeshwa dhana zinazopaswa kutenganishwa, na kwamba mkanganyiko huo unaweza kuigharimu chanjo imani ya wazazi. Makala inagusia pia ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, ambao virusi vyake ni ndugu wa polio, na inahitimisha kwa mapendekezo matatu ya kisera.

1. Utangulizi

Tarehe 19 Novemba 2021, mtoto wa kike wa umri wa miaka mitatu jijini Lilongwe alianza kupooza. Siku nne baadaye, tarehe 23 Novemba, mkutano mkuu wa UNESCO mjini Paris uliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwanzoni mwa Februari 2022, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi ya Umoja huo. Kabla ya mwezi huo kwisha, Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa Lilongwe alikuwa na polio.

Matukio haya hayana uhusiano wa chanzo na tokeo. Tunayaweka pamoja kwa sababu yanazua swali moja. Lugha inapopewa hadhi ya bara zima, je, ina maneno ya kumweleza mzazi aliye mbali na nchi yake ni kirusi gani kimeingia mjini, kimetoka wapi, na kwa nini mtoto wake aliyekwisha chanjwa anatakiwa kupewa matone tena? Wataalamu wa istilahi wamezoea kulijibu swali la namna hii kwa kutazama kamusi. Makala hii inalijibu kwa kutazama mahali. Mahali penyewe ni Dzaleka, umbali wa kilomita zipatazo 45 kaskazini ya Lilongwe, ambako Kiswahili ni lugha ya mawasiliano ya maelfu ya watu ndani ya nchi ambayo lugha yake kuu ni Kichewa.

2. Mtoto mmoja na herufi mia tisa

Malawi haikuwa imepata mgonjwa wa polio ya kirusi mwitu tangu mwaka 1992. Bara la Afrika lilikuwa limethibitishwa kuwa huru dhidi ya kirusi hicho tarehe 25 Agosti 2020, miaka minne baada ya wagonjwa wa mwisho kupatikana kaskazini mashariki ya Nigeria. Kwa hiyo taarifa ya Lilongwe iliwashtua wengi, na swali la kwanza lilikuwa: kimetoka wapi?

Miaka hamsini iliyopita swali hilo lingejibiwa kwa kuuliza safari za familia, wageni waliopita na ndugu waliotembelewa. Epidemiolojia ya molekuli huongeza shahidi mwingine, ambaye ni kirusi chenyewe. Sehemu ya jenomu ya kirusi cha polio inayotengeneza protini ya ganda iitwayo VP1 ina nyukleotidi zipatazo 900, tunazoweza kuzifananisha na herufi. Kirusi kinapopita kutoka mtu hadi mtu, herufi hizo hukosewa katika kunakiliwa, kwa kasi inayokaribia asilimia 1 kwa mwaka, yaani mabadiliko kama 9 hivi. Mtaalamu anayelinganisha sampuli mbili huhesabu tofauti zake na kukadiria ni lini zilikuwa na mzazi mmoja. Kazi hii inafanana na ya mhariri wa miswada ya kale, ambaye hulinganisha makosa ya wanakili ili ajue nakala ipi ilitokana na ipi.

Sampuli za mtoto wa Lilongwe zilichunguzwa katika Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Afrika Kusini, na matokeo yakathibitishwa na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani. Nasaba ilielekea Sindh. Mwezi Mei 2022 Msumbiji ilitangaza mtoto mwingine aliyepooza, katika wilaya ya Changara, mkoani Tete. Kirusi chake kilikuwa cha nasaba hiyohiyo. Hadi mwisho wa mwaka huo Msumbiji ilikuwa na wagonjwa 8, na Malawi 1.

Idadi hiyo isimpotoshe msomaji. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban mtu 1 kati ya 200 wanaoambukizwa polio ndiye anayepooza kwa namna isiyoponyeka. Mtoto mmoja aliyepooza huashiria mamia walioambukizwa bila mtu kujua. Ndiyo maana mwezi Machi 2022 kampeni ya kwanza ililenga watoto zaidi ya milioni 9 katika Malawi, Msumbiji, Tanzania na Zambia, ikafuatwa na duru nyingine. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Malawi na Msumbiji mwezi Mei 2024.

Historia hii ina funzo la kijamii lisilotajwa sana. Katika miji inayopokea wakimbizi, ugonjwa mpya ni rahisi kuhusishwa na mgeni wa karibu. Herufi za VP1 hazikuelekeza Kivu wala Bujumbura. Zilielekeza ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Ushahidi wa maabara ulitoa jibu ambalo uvumi wa sokoni usingeweza kulitoa, na jibu hilo lilistahili kuwafikia wenyeji na wakimbizi kwa lugha wanazozielewa.

3. Dzaleka na habari kutoka nyumbani

Jina Dzaleka linatokana na Kichewa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi hulihusisha na kauli ndidzaleka, yaani "nitaacha", toba ya mfungwa. Kabla ya mwaka 1994 mahali hapo palikuwa gereza lililofungia wapinzani wa serikali ya Kamuzu Banda. Mwaka huo eneo likageuzwa kuwa makazi ya wakimbizi, na lilikusudiwa kuwapokea watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Miongo mitatu baadaye wanaishi humo zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatwa na Warundi na Wanyarwanda. Msongamano uliongezeka mwaka 2023, pale serikali ya Malawi ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee kambini.

Katika mazingira hayo Kiswahili kilijichukulia nafasi ya lugha ya wote bila tamko la serikali yoyote. Mfuliiru, Mbembe, Mshi, Mrundi na Mnyarwanda hukutana kwa Kiswahili kisimani na sokoni. Malawi yenyewe si ngeni kwa lugha hii. Katika karne ya 19 ilisemwa Nkhotakota na Karonga kwenye njia za misafara. Mwaka 1968, hata hivyo, Kichewa kilifanywa lugha ya taifa, na huduma za umma zikaelekezwa huko. Mkimbizi anayeingia kituo cha afya huvuka mipaka miwili ya lugha kwa wakati mmoja. Nyumbani Kivu aliita mahali hapo lopitali, vitabu vya shule vya Tanzania vinasema hospitali, na wenyeji wake wapya husema chipatala.

Wakati Malawi ikiendelea kupambana na nasaba ya Sindh, habari nyingine ilitoka nyumbani. Mwezi Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio. Mtoto wa miaka minne katika wilaya ya afya ya Isale, magharibi mwa nchi, ambaye hakuwa amepata dozi yoyote ya chanjo ya polio, alikutwa na kirusi cha aina ya 2. Siku hizohizo ilielezwa kwamba watoto 7, mmoja wa Burundi na 6 wa mikoa ya Tanganyika na Kivu Kusini nchini Kongo, walikuwa wamepooza kwa virusi vilivyotokana na chanjo mpya ya matone dhidi ya aina ya 2. Chanjo hiyo ilikuwa imeidhinishwa kwa matumizi ya dharura mwezi Novemba 2020, na hao walikuwa watoto wa kwanza kuhusishwa nayo kwa namna hiyo.

Mzazi wa Dzaleka alijikuta basi kati ya nasaba mbili. Moja ilikuwa jirani yake, Lilongwe. Nyingine ilikuwa Uvira au Kalemie, kwa ndugu wanaompigia simu. Ya kwanza ilizuiwa kwa chanjo. Ya pili ilitokana na chanjo. Kauli zote mbili ni za kweli, na mtu hawezi kuzishika pamoja pasipo maneno yanayozitenganisha.

4. Mzigo wa neno aina

Tukizisikiliza taarifa za Kiswahili kuhusu polio, neno moja hurudi kila mara: aina. Hutumika kwa angalau dhana nne.

Kwanza, kuna aina ya 1, ya 2 na ya 3. Mwili huzitambua tatu hizi kuwa tofauti, na kinga dhidi ya moja haitoshi dhidi ya nyingine. Pili, husemwa "aina ya mwitu" na "aina itokanayo na chanjo", ingawa hapa kinachozungumzwa ni chimbuko la kirusi. Tatu, "aina ya Pakistani" hutajwa kwa maana ya nasaba iliyosomwa katika jeni. Nne, "aina ya chanjo" huweza kuwa matone yanayokinga dhidi ya aina ya 1 na ya 3, matone mapya dhidi ya aina ya 2, au sindano.

Tuchukue sentensi mbili. Ya kwanza: "Polio aina ya 2 ilithibitishwa kutokomezwa duniani mwaka 2015." Ya pili: "Polio aina ya 2 imelipuka Burundi mwaka 2023." Msikilizaji makini atahitimisha kwamba mmoja wa wasemaji anadanganya. Ukweli ni kwamba sentensi ya kwanza inahusu kirusi mwitu cha aina ya 2, na ya pili inahusu kirusi cha aina hiyohiyo chenye chimbuko katika chanjo. Kasoro imo katika sentensi zenyewe, na si haki kumlaumu msikilizaji kwa kuchanganyikiwa.

Maelezo kamili hayahitaji lugha ngumu. Matone ya polio yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Kirusi hicho huzaana tumboni mwa mtoto, humjengea kinga, kisha hutoka kwa choo. Penye watoto wengi wasiochanjwa, huweza kupita kutoka mmoja hadi mwingine kwa miezi mingi, kikibadilika herufi kwa herufi hadi kinarudishiwa uwezo wa kupoozesha. Penye watoto wengi waliochanjwa, hukosa njia na kufa. Mwezi Aprili 2016 matone ya kawaida duniani yaliondolewa sehemu ya aina ya 2, kwa kuwa kirusi mwitu cha aina hiyo kilikuwa kimekwisha. Mtoto wa miaka minne mwaka 2023 alizaliwa baada ya badiliko hilo. Chanjo mpya ilibuniwa ili kirusi chake kiwe kigumu zaidi kubadilika, na kweli ni kigumu zaidi, lakini ugumu huo una kikomo pale ambapo watoto wengi hawafikiwi.

Katika maelezo haya maneno matatu yametosha: aina kwa namba 1, 2 na 3, chimbuko kwa mwitu au chanjo, na nasaba kwa ukoo unaosomwa katika jeni. Nasaba ni neno kongwe katika Kiswahili, na jamii zetu zinajua maana ya kuhesabu mababu. Sifa mwitu inahitaji angalizo. Mkazi wa jiji anaposikia "kirusi mwitu" anaweza kudhani kimetoka kwa wanyama wa porini, hali polio huenea kati ya wanadamu. Neno linafaa, mradi lifafanuliwe kila linapotajwa mara ya kwanza.

5. Chanjo, katemera, urukingo

Neno chanjo nalo lina historia inayoathiri tabia. Linatokana na kitenzi chanja, kukata ngozi, kama katika kuchanja chale. Kichewa kimepita njia hiyohiyo: katemera inahusiana na kutemera, kutia chale mwilini. Lugha zote mbili zililipokea wazo la chanjo kupitia wembe na alama yake. Kinyarwanda kilichagua njia nyingine: urukingo linatokana na mzizi wa kukinga, ambao Kiswahili kinao pia katika neno kinga.

Tofauti hii ina uzito. Anayechanjwa kwa maana ya asili hubaki na kovu, na kovu ni ushahidi wa kazi iliyokwisha. Mzazi anayeonyesha kovu la chanjo ya kifua kikuu begani mwa mtoto na kusema "huyu amekwisha chanjwa" anazungumza Kiswahili fasaha. Matone ya mdomoni hayaachi kovu. Alama yake ni wino kidoleni, na wino hufutika. Tena kampeni huja duru baada ya duru, jambo ambalo neno chanjo haliliandai sikio kulipokea. Kinga hujengwa kidogo kidogo, kama ukuta. Kovu hutiwa mara moja.

Hatupendekezi chanjo liachwe. Limeshaenea, nalo limetufikisha mbali. Tunapendekeza matangazo ya duru za marudio yalipe kinga nafasi ya kwanza: "matone haya yanaongeza kinga aliyonayo mtoto". Kwa wakimbizi wanaojua Kinyarwanda sentensi hiyo itagusa mzizi wanaoufahamu. Kwa wenyeji wa Kichewa, wafasiri watakuwa na jambo la wazi la kufasiri.

6. Ndugu wa polio wasiohesabiwa

Polio ni mmoja katika ukoo mkubwa wa virusi viitwavyo enterovirusi. Ndugu zake wawili, Coxsackie A16 na EV-A71, ni miongoni mwa visababishi vikuu vya ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, unaowapata zaidi watoto wadogo. Mlipuko ulioufanya utambulike ulichunguzwa Toronto mwaka 1957. EV-A71 kilitengwa kwa mara ya kwanza California mwaka 1969, na baadaye kikaleta milipuko mikubwa Sarawak mwaka 1997, Taiwan mwaka 1998 na China mwaka 2008. Wagonjwa wengi hupona bila shida, lakini EV-A71 huweza kushambulia ubongo na kuua.

China iliidhinisha chanjo zake za kwanza dhidi ya EV-A71 kuanzia Desemba 2015. Majaribio yalionyesha kinga ya zaidi ya asilimia 90 dhidi ya ugonjwa unaosababishwa na kirusi hicho. Hazikingi dhidi ya Coxsackie A16, na zimetengenezwa kwa nasaba iitwayo C4 iliyotawala China. Afrika ina nasaba zake: uchunguzi wa jeni umetambua kundi E barani na kundi F Madagaska, na nchini Kenya kirusi cha kundi C kilihusishwa na mlipuko wa mwaka 1999 katika kituo cha watoto yatima wanaoishi na VVU. Nchi isiyojua nasaba zinazozunguka kwake haiwezi kupima kama chanjo ya mbali itaifaa.

Malighafi ya ujuzi huo tunayo tayari. Kila mtoto anayepooza ghafla katika kanda yetu hutolewa sampuli za choo ili kutafuta polio. Maabara hukuta mara kwa mara enterovirusi nyingine, na kwa kawaida huziandika kwa kifungu kimoja tu: "zisizo za polio". Lugha ya rejista imeufunga mlango ambao mashine za kusoma jeni zingeufungua.

Jina la ugonjwa wenyewe linahitaji uangalifu. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Huo husababishwa na kirusi kingine kabisa, ingawa ni wa familia moja pana na enterovirusi. Wilaya ya kilimo kama Dowa ikitangaziwa kwa Kiswahili "ugonjwa wa miguu na mdomo" kwa watoto, si ajabu mzazi akaitazama mifugo badala ya kunawa mikono na kutenga vyombo vya mgonjwa. Neno mikono lisidondoshwe kamwe, na maneno ya watoto yafuate.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia ya polio ya Lilongwe imeonyesha kwamba kirusi kinaweza kufuatiliwa kwa usahihi kutoka Sindh hadi Tete. Usahihi huo hupotea pale unapofikishwa kwa mzazi kwa neno moja lenye maana nne. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zisanifishe matumizi ya aina, chimbuko na nasaba katika taarifa za virusi, kwa kushirikiana na maabara za kanda. Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo kazi hiyo ipitie pia SADC, iliyokifanya Kiswahili lugha yake rasmi mwaka 2019.

Pili, mipango ya dharura ya afya ya wilaya ya Dowa iandae matangazo ya Kiswahili tangu siku ya kwanza, sambamba na ya Kichewa. Matangazo hayo yasomwe kwanza na wazazi wa Kivu, Tanganyika na Bujumbura, kwa sababu Kiswahili cha Dar es Salaam hakieleweki sawasawa kila mahali. Redio ya jamii ya Dzaleka, ambayo jina lake Yetu ni la Kiswahili, ni mahali pa kuanzia.

Tatu, wizara za afya zitenge sehemu ya sampuli zinazoandikwa "zisizo za polio" zisomwe jeni zake, na matokeo yachapishwe kwa lugha ambayo washauri wa sera wa kanda hii wanaisoma.

Mwezi Julai 2023 Rais Lazarus Chakwera, mbele ya mgeni wake Rais Samia Suluhu Hassan, alitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule za Malawi. Huko Dzaleka lugha hiyo inasemwa tayari, na wazazi wanaoisema wanasubiri kuambiwa kwa sentensi kamili ni kirusi kipi na ni matone yapi.